Mtoto wa Bi Mkubwa

Jumamosi, 4 Mei

Siku njema kupita zote! Daktari wa wanyama kaleta makoti yake meupe kufuliwa. Nampenda Daktari tangu alipoleta koti la kwanza, na mpaka leo makoti yake nayapiga pasi mimi mwenyewe, pande zote mbili, hata upande usioonekana. Leo hakuwa na haraka ya kuondoka. Alikuwa na jambo. Kesho anasafiri kwenda mafunzoni, atarudi Jumamosi ijayo, na hana mtu wa kumwachia tarantula wake.

Fundi Saa naye alikuwapo. Yupo kila Daktari anapokuwapo. Duka lake linatazamana na letu na macho anayo. Alijifanya anachunguza kifungo cha suruali yake, nikamwona anafungua mdomo. Nikamuwahi! Nikasema mimi tarantula nimewafuga toka utotoni. Nyumbani walijaa. Tulikuwa tunalala nao.

Ukweli: tarantula nimemwona mara moja tu, kwenye kalenda. Mwezi ule wote kalenda ilitazama ukuta.

Daktari alifurahi mpaka akanishika bega. (Bega la kulia.) Akasema siku atakayorudi ana maonyesho ya wanyama wa kufugwa, ukumbi wa maktaba. Anahitaji msaidizi wa kusimama naye. Mtu mtulivu, asiyetetemeka, ambaye buibui anaweza kutembea mikononi mwake watoto wakaona na hofu ikawatoka. Tarantula wake akikaa salama kwangu wiki hii, nafasi hiyo ni yangu, maonyesho haya na yote yatakayofuata. Yote! Yeye na mimi, meza moja! Watu wameoana kwa ahadi ndogo kuliko hiyo.

Fundi Saa akachomekea kwamba yeye pia ana mikono mitulivu, hushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Daktari akasema vizuri, basi atakuwa wa akiba, mimi nikishindwa. Nikishindwa! Nilicheka kwa dharau. Nadhani ilisikika.

Baadaye Daktari akanieleza malezi, kwa kirefu. Nilikuwa natazama anavyofunga nywele. Nakumbuka maji safi kwenye kifuniko cha chupa. Nakumbuka asiguseguswe. Halafu kulikuwa na maelezo marefu kuhusu mgongo. Nadhani mgongo unamsumbua. Nikasema pole.

Jumapili, 5 Mei

Kasha limefika. La kioo, kifuniko cha matundu, ubavuni imebandikwa namba ya simu ya Daktari. Ndani kuna udongo, gome la mti, na Bi Mkubwa. Ndilo jina lake. Mungu wangu! Mkubwa kama kiganja changu, na viganja vyangu si vya mtoto. Mweusi. Manyoya mpaka kwenye magoti, na magoti anayo mengi. Tumboni ana upara. Nilimtazama kwa ujasiri mkubwa, kisha nikamfunika taulo.

Chumba changu ni kile cha nyuma ya duka, kati ya mapipa ya maji na rafu ya sabuni. Kitanda, kiti, na sasa mgeni. Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye duka na ndiye aliyenilea, asijue kabisa. Mwaka jana aliona mende mmoja chini ya meza ya pasi, akafunga duka kutwa nzima, akaosha hadi dari. Akimwona huyu atauza jengo na mimi ndani yake.

Aliona taulo, akauliza kuna nini. Nikasema ua. Ua adimu, halipendi mwanga. Akauliza linanyweshwaje. Nikasema halinyweshwi. Akasema mh, akaendelea na mashuka yake. Kichwa changu hiki! Jibu lilikuja lenyewe.

Alasiri nimeanza mazoezi ya kushika. Si busara kuanza na buibui moja kwa moja. Nimeanza na brashi ya viatu. Nimeiweka kiganjani, nimefumba macho, nimewaza ina miguu. Mara ya kwanza niliitupa dirishani na ikampata paka. Mara ya pili nimeishika mpaka mwisho wa wimbo mzima redioni. Maendeleo!

Jumatatu, 6 Mei

Nimegundua jambo kubwa: Bi Mkubwa ananipenda.

Asubuhi alikuwa kimya pembeni, nikataka kujua kama kaamka. Nilifungua kifuniko (nimevaa glavu za mpira, juu ya glavu za sufu, juu ya soksi), nikainamisha uso, nikampulizia pumzi kidogo. Akanyanyua mguu wa nyuma akaanza kuusugua tumboni haraka haraka. Ananipungia! Nikampungia na mimi. Akapunga zaidi. Tulipungiana muda mrefu kama jamaa waliokutana stesheni.

Mchana uso unawasha. Pua inawasha. Kope zinawasha. Nimejikuna mpaka nimekuwa mwekundu kama pilipili. Nikapiga chafya juu ya shati la bwana harusi, ambalo ndiyo kwanza nilikuwa nimelimaliza. Shangazi akasema huo ni ukurutu, akanipaka mafuta yaliyowasha zaidi. Bwana harusi alipokuja aliuliza kwa nini kola yake ina unyevu. Nikamwambia ndiyo mtindo.

Fundi Saa kaja kuchungulia. Akauliza, eti kwa upole, kama Bi Mkubwa hajanirushia manyoya ya tumboni, maana buibui wa aina hii akikasirika husugua tumbo na manyoya yake huwasha vibaya sana. Nikamwambia mgonjwa ni mimi, ukurutu, na Bi Mkubwa hana hasira na mtu. Akatazama uso wangu. Akacheka mpaka akaegemea mlango. Huyu mtu ana kijicho, hakuna lingine.

Jumanne, 7 Mei

Uso umevimba. Jicho la kushoto halifunguki. La kulia linatosha.

Daktari aliacha kopo la nyenje wa kumlisha. Nimemwangushia mmoja, hakula. Nimemwangushia wa pili, hakula. Amenipa mgongo. Labda ni ule mgongo unaouma. Wakati nahangaika na kifuniko cha kopo, waliobaki wote wakaruka nje. Wote! Sasa wako dukani, mahali fulani kati ya makoti, na wanaimba.

Shangazi kasema pasi ya umeme imeharibika, inalia. Nikasema ndiyo, inalia. Akaizima. Ikaendelea kulia. Akasema basi ni saa ya ukutani. Na akaenda kumwita nani? Fundi Saa! Kaja na begi lake la vifaa na lile tabasamu. Aliweka sikio ukutani, kisha kwenye rafu, kisha kwenye koti la mwalimu mkuu. Alijua. Nilimwona anajua. Lakini akamwambia Shangazi kwamba tatizo ni gumu, itabidi awe anakuja kila siku. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza kwamba Jumamosi, mikono ikianza kucheza, nisione haya kumpisha.

Nimefanya mazoezi na brashi mpaka saa ya kufunga duka.

Jumatano, 8 Mei

Amekufa!

Nimefunua taulo asubuhi, Bi Mkubwa huyo hapo, chali, miguu minane juu. Nilimwita. Nikagonga kioo. Nikamwita tena kwa heshima. Kimya. Nimelia. Siyo kidogo. Nimelia kama mtu aliyefiwa, na kusema kweli nimefiwa: yamekufa maonyesho, imekufa meza moja, amekufa Daktari mwenyewe kwangu. Nilimwona Fundi Saa amesimama mahali pangu na vidole vyake vyembamba.

Shangazi akaniuliza kwa nini nalia. Nikasema ua limenyauka. Akasema niende nikapunge hewa, dukani yupo yeye.

Nilikwenda kwa mwenye duka la wanyama nikauliza kama anauza tarantula mweusi, mkubwa, mwenye upara. Akasema ana kasuku. Nikauliza kama kasuku anaweza kunyolewa. Akanitoa nje. Nikaazima jembe kwa jirani, nikachimba kaburi zuri nyuma ya kamba za kuanikia, nikatandika leso safi. Nikarudi kuchukua maiti.

Wako wawili!

Nimehesabu mara nyingi. Mmoja amekaa pembeni, wima, anang'aa, upara hana. Huyo ndiye Bi Mkubwa, mzima kabisa! Wa pili amelala katikati, sura ile ile, miguu minane ile ile, ukubwa karibu ule ule. Nilikaa chini. Ndipo nikaelewa. Kukataa kula! Maumivu ya mgongo! Kulala chali! Mama wa watu alikuwa mjamzito, na amejifungua mikononi mwangu, peke yangu, bila mkunga!

Kioo kimejaa matone ya maji kwa ndani. Jasho la uchungu, bila shaka.

Nimelifukia kaburi kwa furaha.

Alhamisi, 9 Mei

Mtoto ni mtulivu ajabu. Hasogei, halii, hasumbui. Mama yake hata hamwangalii, nadhani kachoka. Leo nimejikaza. Nimemtoa mtoto kwa koleo la mbao, lile tunalotolea nguo kwenye maji ya moto, nikamweka juu ya glavu. Akatulia. Nikavua glavu ya kwanza. Akatulia. Nikavua zote, pamoja na soksi. Nimemshika kwa mkono mtupu! Mimi! Hana uzito kabisa, kama ganda la karanga, lakini watoto ndivyo walivyo. Mgongoni ana mpasuko, labda kitovu.

Nimemweka begani. Nimemweka kichwani nikatembea chumba kizima. Hofu yote imekwisha. Nimejiangalia kwenye kioo cha kabati nikaona mtu ambaye Daktari angesimama naye popote. Nimempa jina Mpole.

Mpango umebadilika. Jumamosi sitamshika mama, kila mtu anaweza kumshika mama. Nitamshika mtoto, niliyemzalisha mwenyewe!

Jioni msiba mdogo: Mpole kavunjika mguu. Nilikuwa namfundisha kusalimia. Hakulalamika hata kidogo. Nimeugandisha kwa wanga mzito wa kola na kumwanika mbali na upepo. Mvunjiko hauonekani, ila ukijua pa kutazama.

Ijumaa, 10 Mei

Fundi Saa kaja kuwafuata nyenje wake. Akauliza Bi Mkubwa yukoje. Nikajibu mama hajambo, na nikatabasamu tabasamu la mtu mwenye siri. Akauliza kama ameshajivua gamba, maana kasoma mahali kwamba tarantula hulala chali, akalivua gamba lote kwa mara moja, likabaki na sura yake kamili mpaka kucha. Nikamwambia hao ni nyoka. Nikamwambia kila mtu abaki na fani yake, yeye arudi kwenye saa. Akasema haya, bwana, na akaenda zake anapiga mluzi.

Masikini, hana hata mtu wa kumfundisha.

Shangazi kasema naye atakuja kwenye maonyesho. Nikamwambia ni ya wanyama, hatapenda. Akasema atakaa mbele.

Jumamosi, 11 Mei

Nina huzuni kubwa, lakini nitaandika.

Ukumbi ulijaa. Watoto sakafuni, wazazi kwenye viti. Kulikuwa na kobe, sungura, na yule kasuku, ambaye nadhani alinitambua. Daktari alikuja moja kwa moja kutoka safarini, koti jeupe, pasi yangu. Nikaweka kasha mezani, nimelifunika taulo. Mpole alikuwa kwenye boksi la shati, juu ya karatasi laini. Fundi Saa alikaa pembeni ya jukwaa na koti lake zuri, akisubiri nishindwe. Shangazi safu ya kwanza.

Daktari akaniinamia, akaanza kuninong'oneza jambo kuhusu Jumatano. Nikaona sauti inamtetemeka, nikajua ni hisia. Nikamwambia asiseme kitu, aone tu. Nikapanda mbele.

Nikafungua boksi! Ukumbi ukapiga kelele! Nikamweka Mpole kiganjani, mkono mtupu, imara kama mwamba. Nikamhamishia begani. Nikamweka kichwani, nikatembea huku na huku nikiwa nimekunja mikono kifuani. Watu walisimama. Mama mmoja alijifunika uso kwa mkoba. Katika maisha yangu yote sijawahi kupigiwa makofi namna ile, na nilimwona Daktari amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika, nikadhani analia.

Nikatangaza: mabibi na mabwana, huyu amezaliwa Jumatano mikononi mwangu!

Mtoto mmoja wa kike akauliza kwa nini hatembei. Nikasema ni malezi. Akauliza kwa nini ana tundu mgongoni na ndani hakuna kitu. Nikasema atakua. Nikamwambia Mpole asalimie. Ule mguu wa wanga ukadondoka.

Daktari akaja, akanishika bega (la kulia tena, lakini sivyo kama siku ile) na akawaeleza watoto, taratibu, kwamba hili ni gamba. Tarantula hukua kwa kulivua, na kaka yetu hapa amelileta ili tulione vizuri. Alisema "kaka yetu hapa" kwa upole uliozidi aibu yenyewe. Ukumbi ulicheka. Kila mwenye meno alicheka. Fundi Saa alicheka mpaka akajipiga mapaja. Mimi nilisimama na gamba kichwani, na nilitamani sakafu inimeze pamoja na viatu. Nilikuwa nimempenda yule mtoto. Hilo hakuna aliyelijua.

Kisha Daktari akafunua taulo ili awaonyeshe Bi Mkubwa. Kasha tupu. Kifuniko nilikuwa nimekiacha wazi pale mezani, wakati namtoa Mpole kumweka kwenye boksi lake kabla ya onyesho.

Kicheko kikakatika. Daktari akabadilika rangi. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: mtu asisogee. Siku tatu tu tangu ajivue, ngozi bado laini, akidondoka hata kutoka juu ya kiti tumbo litapasuka na atakufa. Macho yake yalikuwa na machozi, na safari hii yalikuwa machozi kweli. Amemlea tangu akiwa mdogo kama punje.

Akaonekana. Alikuwa juu ya koti la Fundi Saa, mgongoni, chini kidogo ya kola, anapanda.

Nikasubiri ile mikono mitulivu. Fundi Saa alitazama begani akapauka. Mikono ilimcheza kama imeshikwa na umeme! Akaanza kuinuka ili akimbie. Mimi nilitaka kwenda, namwapia yeyote atakayesoma hapa, nilitaka. Miguu ilikataa.

Shangazi ndiye aliyesimama. Akamwambia Fundi Saa akae kama alivyo, na akitikisika atamfua na hilo koti akiwa ndani. Akapiga magoti nyuma yake. Hakumkamata Bi Mkubwa wala hakumsukuma. Alilaza kiganja juu ya koti, mbele ya ile miguu, kama anavyolaza kola kabla ya pasi, akangoja. "Haya mama, njoo. Hakuna haraka. Ni mimi." Bi Mkubwa akagusa kidole kwa mguu mmoja. Akafikiri. Akapanda, mguu baada ya mguu. Shangazi akamteremsha mpaka usawa wa sakafu, mkono wa pili chini ya wa kwanza, akaenda naye kwa magoti hadi kwenye kasha, ambalo Daktari alikuwa ameshalishusha sakafuni. Akamwingiza. Akafunga kifuniko. Akajipangusa vumbi kwenye sketi.

Nikamwuliza, mbele ya watu wote, si anaogopa wadudu? Akasema mende ni mchafu, huyu ni bibi msafi. Akaniuliza nilidhani taulo lake yeye mwenyewe atashindwa kulifunua? Jumatano nilipotoka kwenda kuazima jembe alimkuta chali, akapiga namba iliyobandikwa ubavuni, Daktari akamwelekeza, akakaa naye mpaka gamba lote likatoka, akimnyunyizia maji kwa chupa ya pasi. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliona nimefurahi sana kupata mtoto.

Nafasi ya msaidizi amepewa Shangazi. Maonyesho yote. Meza moja.

Jumapili, 12 Mei

Nimelala vibaya, nimeamka vizuri. Nimetafakari kwa kina ni wapi nilikosea. Nimepata: wanga. Ningeuchemsha zaidi, mguu ungeshika, na nisingeulizwa maswali.

Mchana Daktari kaja kupanga ratiba na Shangazi. Walikaa kwenye meza ya pasi wanacheka kama mtu na dada yake. Fundi Saa naye kaja, eti kuchukua koti, ambalo hajalileta. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Nilimwonea huruma kidogo, kisha ikaisha.

Daktari akasema kuna maonyesho mwezi ujao, mbali, mlimani, barabara ya kona kona. Makasha ni mengi, amepata gari dogo la kuazima, ila yeye na Shangazi hawajui kuendesha. Wanatafuta dereva. Mtu mzoefu, maana Bi Mkubwa hatakiwi kutikiswa. Safari nzima, kiti cha mbele, dereva na yeye.

Fundi Saa alifungua mdomo.

Nikasema mimi magari nimeendesha toka utotoni. Malori. Usiku, kwenye mvua. Shangazi aliniangalia sana. Daktari akafurahi, akanipeleka nje kunionyesha gari, akanieleza kila kitu kwa kirefu. Upepo ulikuwa unampeperusha nywele. Kuna kitu alisema kuhusu breki, ambacho nadhani ni sifa.

Nimeanza mazoezi jioni hii hii. Usukani ni sinia.